Nomino ya Wingi Baada ya Kihusishi cha Kiingereza: Kanuni, Mazoea na Maana

Watumiaji wa Kiingereza katika Afrika Mashariki, kuanzia mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi mhariri wa gazeti, hupewa majibu yanayokinzana kila wanapouliza jinsi vihusishi vya lugha hiyo vinavyoambatana na nomino za wingi. Kihusishi ni neno linaloonyesha uhusiano wa nomino na sehemu nyingine ya sentensi, kama yalivyo maneno "in", "on", "at", "by", "of" na "between". Swali hujitokeza kwa sura nyingi. Mtu mwenye miguu miwili hutembea "on foot", kwa umoja, lakini akisimama huwa "on his feet", kwa wingi. Mwingereza hupumzika "at weekends" ilhali Mmarekani hupumzika "on weekends", na wote wawili hufundishwa kuwa wanasema sawa. Mwalimu mmoja hukata alama kwa sababu mwanafunzi ameandika "between" mbele ya vitu vitatu, na mwingine huona kuwa hapo hapana kosa lolote.

Mkanganyiko huu hauwezi kuelezwa kwa uzembe wa wanafunzi wala kwa upungufu wa vitabu pekee. Chanzo chake kikubwa ni kwamba mambo yenye asili tofauti yamefungwa katika fungu moja la "kanuni za vihusishi". Baadhi ni mabaki ya historia, mengine yanatawaliwa na maana, mengine ni nahau zilizoganda, na machache tu ni kanuni za sarufi kwa maana kamili ya neno hilo. Anayeyafundisha yote kwa namna moja huwa mkali mahali ambapo lugha yenyewe imeacha uhuru, na mara nyingi huwa mlegevu mahali ambapo lugha imefunga mlango.

Nomino ilipobeba kazi yake mwilini

Kiingereza Kikale, kilichozungumzwa takribani kati ya karne ya 5 na karne ya 11, kilikuwa na uhusika, yaani mabadiliko ya umbo la nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Kihusishi kilidai uhusika fulani, na nomino iliitikia kwa kiishio kilichobeba habari mbili kwa pamoja, idadi na uamilifu, kiasi kwamba nomino za wingi zilizofuata vihusishi kama "to", au "mid" chenye maana ya "pamoja na", kwa kawaida zilimalizika kwa "-um". Viishio hivi vilianza kufifia kwa sababu silabi za mwisho hazikuwa na mkazo, na mwingiliano wa wasemaji wa Kiingereza na Waskandinavia, kisha na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, ulisindikiza mabadiliko yaliyokuwa yamekwisha kuanza. Hatimaye "-s" ikawa alama ya wingi kwa nomino karibu zote, na kazi ya kuonyesha uhusiano ikabaki mikononi mwa vihusishi na mpangilio wa maneno.

Mfumo ule haukutoweka pasipo kuacha nyayo. Neno "between" lenyewe limetokana na umbo la kale lililobeba kiishio cha wingi na mzizi wa namba mbili, wakati "among" limetokana na kirai kilichomaanisha "katika mchanganyiko" au "katika kundi", chenye nomino ya umoja. Msemo "six foot tall", ambao humshangaza anayetarajia "feet", unatokana na umbo la kale la umilikishi wa wingi lililotumika baada ya namba, ambalo lilipoteza irabu yake ya mwisho na kubaki likifanana na umoja. Vilevile "nights" katika "he works nights" huonekana leo kama wingi wa kawaida, lakini "-s" yake ina mizizi katika umilikishi wa umoja uliotumika kama kielezi cha wakati, na ndiyo hiyo hiyo inayosikika mwishoni mwa "besides" na "towards". Kwa hiyo, pale Mmarekani anaposema "Sundays" bila kihusishi chochote, ilhali Mwingereza kwa kawaida husema "on Sundays", hakuna aliyedondosha neno kwa uvivu, kwani muundo usio na kihusishi ni mkongwe katika lugha hiyo.

Tofauti ya "at weekends" na "on weekends" haina kina kama hicho. Ni tofauti ya mazoea kati ya nchi mbili, na kinachotakiwa kwa mwandishi ni kuchagua desturi moja na kudumu nayo katika andiko lote.

Mguu mmoja, mikono mingi

Sehemu yenye utajiri zaidi wa mifano, na yenye hatari zaidi kwa mwandishi, ni ile ya viungo vya mwili. Kiswahili husema "kwa miguu" kwa wingi, kwa sababu kinaitazama miguu yenyewe ikitembea, ilhali Kiingereza husema "on foot" kwa sababu katika kirai hicho nomino imeacha kutaja kiungo na imekuwa jina la namna ya kusafiri, sawa na "by bus" au "by hand". Nomino iliyo katika hali hiyo haina kibainishi mbele yake, yaani haina "the", "a", "my" wala namba, na haiwezi kuwekwa katika wingi hata kama wasafiri ni elfu moja katika mabasi ishirini. Mara tu kibainishi au namba inaporudi, nomino huhesabika tena na mara nyingine kihusishi nacho hubadilika: watu husafiri "by bus", lakini wamekaa "in two buses", mtu huenda "on foot", lakini mwiba umemchoma "on his foot", na akinyanyuka kitini huwa "on his feet".

Neno "hand" linaonyesha jambo hilo kwa ukamilifu zaidi. Kazi inayoshughulikiwa ni "the work in hand". Msaada ulio karibu ni "at hand". Vurugu zilizoshindikana kudhibitiwa zimekwenda "out of hand". Na barua iliyopelekwa na mjumbe imefika "by hand". Virai hivyo vyote ni vya umoja na havina kibainishi. Kwa upande mwingine kuna "in the hands of" na "at the hands of", vya wingi na vyenye kibainishi, ambavyo tofauti yake imebebwa na kihusishi peke yake. Cha kwanza kwa kawaida hueleza kuwa mtu au kitu kimo katika milki, uangalizi au kizuizi cha mwingine; cha pili humtaja mwingine huyo kuwa ndiye aliyetenda, na mara nyingi kilichotendwa ni kibaya. Kiswahili huvitafsiri vyote kwa "mikononi mwa", kwa hiyo sentensi "alifia mikononi mwa polisi" inaweza kueleza mahali na hali aliyokuwamo marehemu, au inaweza kumtaja aliyesababisha kifo. Mwandishi wa habari anayeihamishia sentensi hiyo katika Kiingereza hulazimika kuchagua, na akiandika "at the hands of" bila kukusudia atakuwa ametoa tuhuma ambayo huenda hana ushahidi wa kuithibitisha, ilhali akiandika "in the hands of" mahali palipothibitishwa mauaji atakuwa amempunguzia mtendaji wajibu wake. Hapa kosa la kihusishi lina uzito wa kisheria, na inasikitisha kwamba mafunzo ya uandishi hutumia muda mrefu kwenye mambo mepesi kuliko hili.

Mantiki ya kuhesabu, ambayo mwanafunzi makini huitegemea, humsaliti pia kwenye nahau nyingine. Msemaji akizungumza kwa niaba ya wazazi mia moja huzungumza "on their behalf", wala hakuna aandikaye wingi wa "behalf" kwa sababu tu wazazi ni wengi. Wanafunzi arobaini waliohifadhi shairi wamelihifadhi "by heart". Hata hivyo, wakiambiwa waweke mikono vichwani huiweka "on their heads", kwa wingi, kwa kuwa kila mmoja ana kichwa chake na neno "head" hapo bado linataja kiungo. Kati ya ncha hizi mbili lipo eneo la mashaka ambamo wasemaji wazawa wenyewe hutofautiana, kama inavyoonekana katika "they changed their mind" na "they changed their minds", na si haki kumtaka mgeni awe na uhakika mahali ambapo wenyeji hawana.

Ubishi wa "between" na "among"

Kanuni inayofundishwa zaidi shuleni kuhusu vihusishi na wingi ni kwamba "between" ni ya vitu viwili na "among" ni ya vitatu au zaidi. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliitaja tofauti hiyo kuwa ndiyo matumizi sahihi, lakini papo hapo akakiri kwamba huenda haizingatiwi siku zote. Waliomfuata waliishika kanuni na kusahau kukiri kwake. Nguvu ya kanuni hii ni kwamba inaeleweka upesi, inaafikiana na asili ya neno lenye mzizi wa "mbili", na inampa mtahini jibu moja la kusahihisha.

Udhaifu wake ulionyeshwa mwishoni mwa karne ya 19 na kamusi kubwa ya Oxford chini ya uhariri wa James Murray, ambayo ilithibitisha kwa mifano ya kihistoria kwamba "between" imetumika kwa zaidi ya vitu viwili tangu nyakati za mwanzo kabisa. Kamusi hiyo ilieleza pia tofauti halisi: "between" huhusisha kila kitu na kingine kimoja kimoja, na "among" huvihusisha vyote kwa ujumla kama kundi. Makubaliano yaliyofikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania ni "an agreement between Kenya, Uganda and Tanzania", kwa sababu kila nchi inafungika kwa kila nyingine, na "among" hapo ingefifisha wajibu huo. Kinyume chake, mtu aliyejificha sokoni amejificha "among the traders", kwa kuwa hakuna mfanyabiashara mmoja mmoja anayehusika. Hoja ya asili ya neno haisimami imara, kwa kuwa maana ya neno huamuliwa na matumizi ya wasemaji wake, na matumizi hayo yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Kwa msemaji wa Kiswahili ubishi huu una ugumu wa ziada, kwani "kati ya" hutosha kwa hali zote mbili: husemwa "mpaka kati ya Kenya na Tanzania" na pia "mmoja kati ya wanafunzi", wakati Kiingereza hutumia "between" kwa mfano wa kwanza na "one of" au "among" kwa wa pili. Kosa la kweli ambalo walimu wangepaswa kulikomesha ni "between 2010 to 2015", kwa sababu "between" hudai "and" na "to" hudai "from". Hilo halina ubishi wa kishule, na bado hupita katika ripoti za ofisi bila kuguswa.

"Of" na mtego wa kitenzi kilicho karibu

Kihusishi "of", au kingine kama "to", kinapofuatwa na nomino ya wingi ndani ya kiima, yaani sehemu inayotaja mtenda au mtajwa katika sentensi, kitenzi hujikuta kati ya nomino mbili zinazokivuta. Katika "the key to the cabinets is missing", au "a list of names is attached", nomino inayotawala ni ile ya kwanza, na iliyo ndani ya kirai kihusishi haina mamlaka juu ya kitenzi. Hata hivyo, wasemaji wazawa wasomi huteleza na kusema "are". Mwaka 1991 watafiti Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha majaribio ambamo washiriki walikamilisha sentensi walizoanziwa, na ikabainika kwamba makosa hutokea zaidi pale nomino kuu ikiwa ya umoja na iliyo karibu na kitenzi ikiwa ya wingi, kuliko pale mambo yanapogeuzwa. Inaelekea wingi, ukiwa ndio wenye alama maalumu, hubaki akilini kwa nguvu zaidi wakati kitenzi kinapoundwa.

Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa isiyotajwa vya kutosha madarasani. Katika "ufunguo wa makabati umepotea", kiambishi "u-" cha kitenzi kinarejea ngeli ya ufunguo waziwazi, na mtu akisema "yamepotea" kila anayesikia ataelewa kuwa makabati ndiyo yaliyopotea. Anayejiuliza sentensi yake ya Kiingereza ingekuwaje kwa Kiswahili atapata kiima sahihi mara nyingi. Kinga hiyo hupungua pale nomino ya umoja inapotaja kundi la watu, kwani "kundi la vijana limefika" na "kundi la vijana wamefika" yote husikika, na Kiingereza nacho hulegea hapo hapo: Mwingereza huweza kusema "the team are", ingawa Mmarekani kwa kawaida hushikilia "is".

Zipo sentensi ambazo "of" hufanya kazi tofauti kabisa. Katika "a number of students are absent", maneno matatu ya mwanzo yamekuwa kipimo cha wingi, sawa na kusema "wanafunzi kadhaa", na nomino inayotawala ni "students". Katika "the number of students is falling", neno "number" limerudi kuwa nomino kamili inayotaja idadi, kwa hiyo kitenzi ni cha umoja. Tofauti ya "a" na "the" hubadilisha muundo mzima, na kuna haki ya kuifundisha kwa msisitizo. Kwa upande mwingine, ukali dhidi ya kuchanganya kiashiria cha wingi na "kind" ya umoja unapaswa kupunguzwa: maandishi rasmi ya leo hupendelea "these kinds of", na mwandishi afanye hivyo, lakini mchanganyiko huo umo hata katika King Lear ya Shakespeare.

Misimamo mitatu mbele ya matumizi yaleyale

Nyuma ya mabishano haya yote kuna misimamo inayotofautiana kuhusu nani mwenye mamlaka juu ya lugha. Sarufi elekezi, ile inayoamuru lipi liandikwe na lipi liachwe, ilipata nguvu katika karne ya 18 kupitia vitabu kama kile cha Robert Lowth cha mwaka 1762, wakati Kilatini kilipokuwa kipimo cha usomi. Humpa mgeni uhakika na mtahini usawa, na faida hizo zina thamani kwa mtu ambaye cheti chake kinategemea alama moja. Gharama yake ni kuchanganya upendeleo wa waandishi fulani na sheria za lugha.

Sarufi fafanuzi, inayoeleza lugha kama inavyotumika, ilijengwa juu ya ukusanyaji wa matini halisi. Randolph Quirk alianzisha mradi wa namna hiyo Uingereza mwaka 1959, na kitabu kikubwa alichokiandika pamoja na wenzake watatu mwaka 1985 kiliyaeleza matumizi mengi ambayo vitabu vya shule huyapitia kwa haraka. John Sinclair wa Birmingham alikwenda mbali zaidi mwaka 1991 alipodai kwamba msemaji huchota mafungu ya maneno yaliyokwisha kuungana badala ya kujenga kila kirai upya, na dai hilo linaeleza vizuri kwa nini "on their behalf" haijali idadi ya wazazi. Udhaifu wa njia hii ni wa vitendo: huhitaji kamusi nzuri, muda na mwalimu mwenye uzoefu mkubwa, na darasa la wanafunzi zaidi ya 60 halina anasa hizo. Tena, matini zilizoweka msingi wa kazi hizo zilikuwa kwa kiasi kikubwa za Waingereza na Wamarekani, hivyo kinachoitwa "matumizi halisi" huwa matumizi ya watu fulani.

Hapo ndipo unapoingia msimamo wa tatu, wa wanaozitetea aina za Kiingereza zilizoota nje ya nchi hizo. Braj Kachru alibishana hadharani na Quirk mwaka 1990 na 1991, Quirk akihimiza kiwango kimoja cha kufundishia na Kachru akitetea uhalali wa aina zilizokita mizizi Asia na Afrika. Josef Schmied, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu Kiingereza barani Afrika, alitaja mielekeo inayofahamika Nairobi na Dar es Salaam, ikiwamo kuongeza vihusishi, kama "discuss about", na kuzipa wingi nomino zisizohesabika, kama "equipments" na "furnitures". Mtu anayesema "with these equipments" anafuata mantiki ya Kiswahili, ambamo "vifaa" ni wingi halali, na anaeleweka bila taabu. Utetezi wa Kachru una haki ya kimaadili, na maendeleo ya lugha kwa kweli hutokea hivyo. Hata hivyo, nchi za Afrika Mashariki hazijaandika kiwango chao wala kukiingiza katika mitihani, na hadi litakapofanyika hilo, gharama ya kutangaza uhuru huo italipwa na mwombaji wa kazi ambaye barua yake inasomwa na mtu anayefuata kiwango cha zamani.

Uzito wa kila hoja

Pakipimwa faida na hasara, hakuna msimamo mmoja unaostahili kutawala eneo lote. Upatanisho wa kitenzi na nomino kuu unapaswa kubaki kanuni inayosimamiwa, kwa sababu unagusa maana, una maelezo thabiti, na Kiswahili chenyewe kinampa mwanafunzi njia ya kuukagua. Virai vilivyoganda, kama "on foot", "by hand" na "on behalf of", vifundishwe vikiwa vizima, bila kumtwisha mwanafunzi maelezo ya kimantiki ambayo yatavunjika kwenye mfano unaofuata, na mwalimu aoneshe wazi kuwa kibainishi kinaporudi nomino huanza kuhesabika tena. Kanuni ya "between" na "among" kwa namba mbili na tatu iachwe, na mahali pake pachukuliwe na tofauti ya uhusiano wa mmoja mmoja na uhusiano wa kundi, ambayo si ngumu zaidi kuifundisha na ina ukweli zaidi.

Kikwazo kikubwa kimo katika mitihani. Swali la kujaza kihusishi katika nafasi iliyoachwa wazi hupendwa kwa sababu husahihishwa haraka, lakini huzalisha jibu moja hata pale lugha inaporuhusu mawili, na mwanafunzi aliyesoma riwaya za Kimarekani huadhibiwa kwa "on weekends". Mwongozo wa kusahihisha unaweza kuyakubali majibu yote mawili bila kuongeza gharama yoyote, na nafasi inayobaki katika karatasi ikatumika kupima "in the hands of" na "at the hands of", "a number of" na "the number of", na tarehe zilizofungwa kati ya "between" na "and". Mtahiniwa anayeweza kutofautisha hayo ataandika ripoti ya polisi, hukumu au taarifa ya habari ambayo haitamsingizia mtu wala kumfichia mtu kosa lake.